Saa ya Mama Mita

Ngazi za kwenda ukumbini zilikuwa kumi na nane, na yule mama alipumzika mara mbili kabla ya kuzimaliza. Inspekta alipotaka kumshika kiwiko, aliutoa mkono wake.

"Niache, mwanangu. Nikishikwa nitaanguka kweli."

Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko mlikuwa na pampu ya pumu, mpya, ingali ndani ya boksi lake. Tangu Alhamisi alikuwa hajaiweka chini. Binti yake alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtaa mzima ukimwita Mama Mita. Jumatano saa kumi na moja jioni alitoka kazini akisema atapita kununua pampu nyingine, kwa kuwa ya nyumbani ilikuwa imekwisha. Hakufika dukani, wala hakurudi nyumbani. Sasa ilikuwa Jumamosi alasiri. Mtu wa pumu, siku ya tatu, bila pampu: Inspekta alikuwa ameipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa baya vile vile.

Asubuhi ile mkuu wa kituo alikuwa amemwambia bila kuinua macho: "Mume yuko ndani. Majirani walisikia ugomvi Jumanne. Wewe mwenyewe ndiye uliyesaini akamatwe. Saa kumi na mbili jioni faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na watu wangu nawapeleka kwingine. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kumpata mkewe."

"Umpate basi. Una mpaka saa kumi na mbili."

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu juu ya duka la kupiga chapa, chenye harufu ya wino na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa ajili ya watu thelathini. Waliokuwepo walikuwa watatu. Zamani chama cha wapenzi wa kompyuta za kiganjani kilijaza viti vyote hivyo, wakati kila mwenye kompyuta inayoingia mfukoni alionekana mtu wa maana. Simu zikaja zikawafagia. Walibaki wanne wakaidi, wakikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na wa nne wao ndiye aliyekuwa anatafutwa.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama akamvutia yule mama kiti. "Karibu, mama. Pole. Hatukujua kama tufanye kikao au tusifanye."

"Fanyeni," alisema mama. "Mwanangu hakukosa hata kimoja."

Kando ya dirisha alikaa fundi wa vifaa vya umeme, mtu mwembamba mwenye maneno mengi na redio ndogo shingoni, ambaye wenzake walimwita Betri. Leo hakuwa na neno. Alikumbatia mkoba wake mapajani na jasho lilimtiririka. Mkabala naye alikaa Mfamasia, mwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, shati limenyooshwa, uso mpole. Aliinuka akampa mama mikono miwili.

"Tunaomba dua usiku na mchana, mama yangu."

Inspekta hakukaa. Ijumaa alikuwa amechukua maelezo ya wote watatu kuhusu Jumatano jioni. Mwenyekiti alikuwa msibani, Betri kibandani kwake na wateja wawili, Mfamasia dukani mpaka saa tatu usiku, na msaidizi wake alithibitisha. Maelezo yote yalisimama. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililomleta.

"Betri," alisema. "Mwezi uliopita mligombana na Mama Mita hapa hapa. Kisa?"

"Kioo cha kompyuta yake, afande. Nilikibadilisha kikapasuka tena. Akaniita fundi wa kubahatisha. Yalikwisha."

"Mkobani una nini?"

"Vifaa vya kazi tu."

"Fungua."

Betri alimtazama Mwenyekiti kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akafungua zipu kwa shida, akatoa kitambaa, akakikunjua. Ndani yake kulikuwa na kioo chembamba, kidogo kuliko kiganja, bila hata mkwaruzo.

"Nimemtafutia miezi minane," alisema. "Hivi havitengenezwi tena. Nilikuwa nimwekee leo. Nimekuja nacho, sijui kwa nini. Niliona nikikiacha nyumbani ni kama nimekubali kwamba hayupo."

Mama mtu alitazama pembeni. Inspekta alifungua mkoba wake mwenyewe, akatoa bahasha ya ushahidi na kuiweka mezani. Ndani ya plastiki kulikuwa na kompyuta ya kiganjani ya kijivu yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Mwenyekiti alishika kifua. "Ni yake!"

"Mfagiaji aliikuta jana kwenye pipa la taka la kituo cha mabasi."

"Kituo cha mabasi," alisema Mfamasia taratibu. "Basi huenda alisafiri. Au kibaka alimpora, akaona haiuziki akaitupa."

"Nami nilidhani hivyo. Tumeiwasha haina kitu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna hata herufi. Betri, nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote. Inakuwaje ikawa tupu?"

Kazi ilimrudishia Betri ulimi wake. "Hizi za zamani, afande, kumbukumbu yake inaishi kwa betri mbili ndogo hizi za nyuma. Ukizitoa, ndani kuna kitu kinachoshika umeme kama dakika moja hivi, upate nafasi ya kuweka nyingine. Dakika ikipita, kila kitu kimekufa. Hakirudi hata ulie."

"Kibaka anajua hilo?"

"Kibaka? Kibaka hata kuiwasha hajui. Hapa mjini wanaojua ni sisi tuliomo humu."

Betri mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa alichokisema.

"Lakini betri zimo," alisema Inspekta. "Anayetaka kufuta azitoe, sawa. Kwa nini azirudishe?"

Mwenyekiti alijibu kwa sauti ya chini. "Ili ahakikishe. Lazima aiwashe aone kweli imekuwa tupu."

"Na kwa nini asiipige jiwe tu?"

"Sisi hatuvunji, afande," alisema Betri. "Mkono unakataa."

Inspekta alivaa glavu, akaitoa ile kompyuta kwenye plastiki, akaiwasha. Kioo kilitoa mwanga wa kijani hafifu. Tangu jana jioni kitu kimoja kilikuwa kimemkaa kama mchanga jichoni. "Hii saa yake. Inasema tarehe tatu Januari, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Leo si Januari, na sasa ni saa tisa na nusu alasiri. Imeharibika?"

Betri alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Aliufunga. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Haijaharibika. Ikifutwa, ikiwekewa betri tena, saa inaanza upya. Zote zinaanzia pale pale, tarehe mosi Januari, saa sita kamili usiku. Halafu inatembea kama kawaida."

"Basi imetembea siku mbili na saa sita."

"Ndiyo."

"Tangu dakika ile mtu aliporudisha betri."

"Ndiyo, afande. Tangu dakika ile ile."

Inspekta alihesabu kwa vidole juu ya meza, polepole, wote wakimwona. Kutoka Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, rudi nyuma siku mbili: Alhamisi saa tisa na nusu alasiri. Rudi saa sita zaidi.

"Alhamisi," alisema. "Saa tatu na nusu asubuhi."

Alisimama akishika ukingo wa meza. Mume wa Mama Mita, fundi cherehani, alikamatwa Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu na nusu alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, amefungwa pingu, akimkabili Inspekta mwenyewe.

"Si mkwe wangu," alisema mama mtu. Hakuuliza. "Nilikwambia, mwanangu."

"Uliniambia, mama." Akawageukia wale watatu. "Nyote nimewauliza Jumatano. Sasa nauliza Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Mwenyekiti?"

"Nyumbani kwangu. Betri alikuja saa mbili kunitengenezea chaji, tukanywa chai mpaka karibu saa tano. Mke wangu na jirani walikuwepo."

"Kweli kabisa," alisema Betri.

"Mfamasia?"

"Dukani, afande. Mimi nafungua saa mbili kila siku. Watu wa mtaa wanaweka saa zao kwa mlango wangu."

Mama mtu aliinua kichwa. Alimtazama Mfamasia kwa muda, kisha akautazama ule mfuko wa karatasi, kisha akamtazama tena.

"Alhamisi hukufungua saa mbili," alisema.

"Nilifungua, mama yangu. Labda umesahau kwa majonzi."

"Nimesahau kula. Hili sijalisahau. Nilifika kwako saa tatu kasoro nikakuta kufuli. Nikakaa kwenye ngazi. Msaidizi wako naye alikuwa nje, ananiambia bosi ana funguo, bosi hajafika. Ulikuja saa nne imepita, suruali ina tope mpaka magotini." Sauti yake haikupanda. Ilizidi kushuka. "Nikakwambia naomba pampu ya mwanangu, akipatikana aikute. Ukaifunga kwenye mfuko huu kwa mikono yako. Ukanishika bega ukasema nisikate tamaa."

Mfamasia alifuta midomo. "Nilikwenda kuchukua dawa kwa wauzaji wa jumla. Nilisahau. Ni kosa kusahau?"

"Wauzaji gani?" aliuliza Inspekta. "Nitawapigia sasa hivi."

"Nitazungumza mbele ya wakili."

"Zungumza mbele ya nani unayetaka. Mimi nakuuliza yuko wapi."

"Sijui unachozungumzia."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Inspekta alijua anavyokuwa mtu aliyeamua kunyamaza: huweza kukaa hivyo juma zima. Saa ilimwambia ni nani, lakini haikumwambia ni wapi. Mji ulikuwa na maelfu ya milango.

"Lazima kuna kitu alichokiona," alisema, sasa akiomba zaidi kuliko kuhoji. "Kuna kitu kilichokuwa humu ndani mpaka kikafutwa. Vitabu vya idara ya maji tumevipekua, mitaa yake yote imesomwa, hakuna la ajabu. Hakumwambia mtu?"

"Nakala," alisema Mwenyekiti.

"Nakala gani?"

"Ni desturi yetu. Kila kikao tunaachiana nakala kwa miale isiyoonekana, mashine kwa mashine, mmoja amtunzie mwenzake. Ya kwangu anayo yeye. Ya kwake ninayo mimi. Ya mwezi uliopita." Alitia mkono ndani ya koti, akatoa kompyuta yake. "Sijawahi kuifungua. Ni kama barua ya mtu."

"Ifungue!"

Alichomoa kalamu ya plastiki, akagusa kioo mara mbili. Maandishi yalitokea, yakafifia, na katikati ya kioo kikatokea kisanduku cha onyo. Betri zilikuwa zinakwisha. Mwenyekiti aligusa tena, na kioo chote kikawa giza.

"Mungu wangu. Sijabadilisha tangu... Nilisema nitabadilisha leo."

"Ninazo mpya," alisema Mfamasia haraka, na kabla mtu hajapumua alikuwa amesimama, betri mbili kwenye kiganja kimoja, kiganja kingine tayari kimeifikia kompyuta. Kucha yake ilikuwa imeshafungua kifuniko cha nyuma. Betri moja kuukuu ilidondoka mezani ikabiringika.

Inspekta alimdaka kifundo cha mkono. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mtu huyu alikuja kikaoni wakati angeweza kujifanya mgonjwa. Alikuja kwa ajili ya nakala.

"Betri!" alipiga kelele. "Chukua!"

Fundi aliikwapua. Mikono iliyokuwa ikitetemeka kwenye zipu ilitulia tuli. Aliitupa ile kuukuu ya pili, akaokota betri za Mfamasia zilizotapakaa, akazitazama ncha, akaona kutu, akazirudisha mezani kwa dharau. "Hizi zimekufa," alisema, na akachomoa mbili kutoka redio ndogo iliyokuwa shingoni mwake. Mama mtu alikuwa akihesabu kwa sauti, bila kujua kwamba anahesabu. Alifika thelathini na nane. Kifuniko kililia tak.

Kioo kilibaki giza. Betri alibonyeza. Kikawaka kijani.

"Ipo," alisema, akaanza kulia waziwazi. "Yote ipo."

Mama Mita alikuwa mtu wa mpangilio. Nyumba zote za mzunguko wake zilikuwepo, mtaa kwa mtaa, na zilizofungwa aliziwekea alama ya F. Nyumba ya F mita yake hulala. Inspekta alishuka na kalamu, mtaa baada ya mtaa, F na mita imelala, F na mita imelala, mpaka akafika nyuma ya kiwanda cha magodoro. Namba kumi na tisa, F, miezi mitano mfululizo, na kila mwezi namba zimepanda kama za nyumba yenye watoto kumi. Chini yake aliandika maneno yake binafsi: *Geti la kijani. Hakuna mtu ila maji yanakwenda. Nimuulize Mfamasia, nimewahi kuona gari lake hapo.*

Mfamasia alikaa. Hakuna aliyemkalisha.

"Sikumgusa," alisema. "Wallahi sikumgusa. Alinikuta nachanganya dawa bandia ya kikohozi, na msaidizi nilimwomba aseme nilikuwa dukani. Nilimfungia mlango tu. Nilitaka muda wa kuhamisha mzigo, basi."

"Ulihamisha Alhamisi asubuhi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumfungulia?"

Alifikiri kana kwamba ni mara ya kwanza kuulizwa. "Alikuwa anakohoa sana. Niliogopa. Nikasema kesho. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi. Jana nilifika mpaka getini sikusikia kitu, nikarudi."

Inspekta alimfunga Mfamasia pingu. Mama mtu alishuka zile ngazi kumi na nane bila kupumzika.

Dereva wa kituo aliendesha kama mwizi. Nyuma ya kiwanda cha magodoro barabara ilikuwa ya vumbi na kuta ndefu, na geti la kijani lilifungwa kwa mnyororo. Wakati dereva akitafuta chuma cha kukatia, Inspekta aliona kisanduku cha mita ukutani, akakifunua. Kigurudumu kidogo cha ndani kilikuwa kinazunguka kwa kasi mpaka hakionekani meno.

"Maji yanatoka ndani humo," alisema. "Sasa hivi."

"Bomba limepasuka?" aliuliza dereva.

"Halijapasuka. Kafungua mwenyewe. Aliona atakayekuja kusoma mita atashtuka."

Mnyororo ulikatika. Walivuka ua wenye tope, mapipa matupu na chupa ndogo zenye picha ya mtoto anayetabasamu. Mlango wa stoo ya nyuma ulikuwa wa chuma. Dereva aliupiga mara nne, na mara ya tano komeo likang'oka pamoja na kipande cha ukuta.

Chumba hakikuwa na dirisha. Bomba lilikuwa wazi kabisa, maji yakianguka sakafuni na kumezwa na tundu la kona. Mama Mita alikuwa amelala kwa ubavu, shavu karibu na tundu hilo, kwa sababu hapo ndipo hewa kidogo ilipopanda kutoka nje. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu.

Mama alipiga magoti ndani ya maji. Alipasua boksi kwa meno, akaitikisa pampu, akaiweka mdomoni mwa binti yake na kubonyeza. Dawa ilirudi nje kama ukungu. Hakuwa na nguvu ya kuvuta. Akabonyeza tena. Ikarudi tena.

"Vuta, mwanangu. Vuta tu kidogo. Mama nakuomba."

Inspekta aliweka vidole shingoni. Alitafuta, akakosa, akatafuta tena. Chini kabisa palikuwa na kitu, chembamba kama uzi.

"Yupo! Mbebe!"

Dereva alimbeba akakimbia naye, na mama akakimbia nyuma yao, pampu mkononi, viatu vimebaki majini.

Hospitali walimwekea mashine ya hewa. Daktari hakutaka kuahidi chochote. Alisema usiku wa leo ndio utakaosema. Inspekta alitazama saa ya ukutani, akaona ni saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, akaondoka mbio.

Alilikuta faili mezani kwa mkuu wa kituo, limeshafungwa kamba. Alilichukua bila kuomba. Mkuu alimwangalia, nguo zimelowa mpaka kiunoni, akaamua kutouliza. Nje, madukani, zile chupa za dawa bandia zenye mtoto anayetabasamu zilikuwa zimeshapangwa rafuni, na kabla ya asubuhi ilibidi zitafutwe moja moja. Alimwita koplo akamtuma aanze. Kisha akachukua funguo za mahabusu mwenyewe.

Fundi cherehani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alipomwona alisimama nusu, akabaki hapo.

"Mmempata?"

"Tumempata."

Hakuthubutu kuuliza lililofuata.

"Anapumua," alisema Inspekta. "Kwa mashine. Yuko na mama yake."

Mwanamume aliteleza na ukuta mpaka chini. Kisha alisema, bila hasira, kama mtu anayekumbusha: "Alhamisi ile nilikwambia, afande. Nilikwambia mimi nifunge, lakini nenda kamtafute."

"Uliniambia."

"Alhamisi."

"Ndiyo. Sikukusikiliza."

Alimrudishia vitu vyake: utepe wa kupimia, mkanda, kamba za viatu. Fundi aliivuta kamba ya kwanza, akailenga tundu la kiatu, akakosa. Akailamba ncha kama anavyolamba uzi kila siku ya maisha yake, akalenga tena, akakosa.

Inspekta alichuchumaa mbele yake, akaichukua ile kamba kutoka mikononi mwake, akaanza kuipitisha tundu kwa tundu, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Alipomaliza alimpa mkono ainuke, na fundi aliushika.